Laini Isiyosimama

Tarehe 3 Februari

Wifi yangu,

Salamu zikufikie wewe uliyeniibia kaka na bado ukanifanya nikupende. Watoto hawajambo? Na Mama, kifua kimempa nafasi ya kupumua? Mimi mzima, mumeo naye mzima, amenenepa shingo, ila usimwambie nimekuambia.

Uliniuliza kama ni kweli kiwanda kinapinduliwa juu chini. Ni kweli. Tumeletewa mwalimu wa mbinu za kuondoa upotevu kazini, mtu mpole mwenye miwani minene, nasi hatukukawia kumwita Miwani. Alianza kwa kutembea nyuma yangu. Nikadhani ananitaka. Kumbe anatazama miguu tu, ninavyokwenda stoo kuchukua pete za mpira, nikirudi nazifunga ndani ya vile vichwa vya mitungi ya gesi ili visivuje, halafu huyoo, stoo tena. Akaniambia safari zangu zote hizo hazimsaidii mtu atakayepikia ile gesi, kwa hiyo ni upotevu. Nikamwambia hata mimi hazinisaidii, aniondolee.

Ameniondolea kweli. Pete sasa ziko pembeni ya mkono wangu. Kila spana imechorewa umbo lake ukutani, moja ikikosekana unaona pengo. Stoo iliyokuwa imejaa maboksi mpaka darini sasa watu wangeweza kucheza dansi mle ndani, kwa sababu pete hazilali tena. Zinatoka kwa anayezitengeneza asubuhi na sisi tunazifunga siku hiyohiyo. Jioni navua viatu na miguu haijavimba. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka Miwani, nimeishia kumwombea dua.

Lakini lile beseni langu wameliondoa. Unakumbuka nilivyokuwa natamba kwamba hakuna kichwa cha gesi kinachotoka bila kuzamishwa na mimi kwenye maji ya sabuni, nitazame kama kinatoa povu? Basi, Miwani anasema kupima mwishoni ni kumsubiri mwizi akiwa ameshatoka. Kila mmoja awe macho hapo alipo. Siku hizi mashine inapima kimoja tu katika kila boksi. Na juu yetu imefungwa kamba nyekundu, kutoka mwanzo wa laini, yaani safu yetu ya kazi, hadi mwisho. Yeyote akiona kasoro, hata mfagiaji, avute. Taa inawaka, laini nzima inasimama, chanzo kinatafutwa. "Anayevuta ametusaidia," Miwani alisema, kisha akaondoka kwenda kufundisha kiwanda kingine.

Wifi, mimi naiogopa ile kamba. Inaning'inia pale juu ya kichwa changu na kila nikiinua macho naiona. Nisalimie wote.

Wifi yako wa kiwandani

Tarehe 21 Februari

Wifi,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, kwa hiyo najua postamasta ameisoma kabla yangu. Sisi tupo. Mkubwa amepoteza kiatu kimoja, si viwili, kimoja, nielewe mwenyewe. Mdogo anasoma kila neno linaloandikwa ukutani, hata yale yasiyofaa. Cherehani yangu inanila mgongo lakini inatulisha.

Mama kifua kimetulia. Kilichobaki ni pua. Tangu ule ugonjwa hanusi kitu kabisa. Juzi maharage yameungua mpaka yakawa makaa, yeye ameketi palepale jikoni anaimba. Nikimwambia atulie mimi nitapika, ananijibu kwamba yeye si mgonjwa wa mtu. Na mimi siwezi kuacha mashine za watu kutwa nzima nikae namlinda.

Sasa nikupe la kweli. Mume wangu, maana nikisema kaka yako utaona nakusifia wewe, ameniandikia kwamba bado anakaimu tu usimamizi wa laini yenu. Laini ikienda vizuri mpaka katikati ya mwaka atathibitishwa, na msimamizi aliyethibitishwa anapewa nyumba ya kampuni. Yaani sisi tunakuja huko. Sote. Wifi, mdogo akimwona baba yake anamwamkia kama mgeni, halafu anajificha nyuma yangu. Siwezi kukueleza inavyoniuma.

Kwa hiyo hiyo kamba yenu usiiogope. Iache ining'inie.

Wifi yako wa cherehani

Tarehe 15 Machi

Wifi yangu,

Natumaini kiatu kimepatikana. Nimemtumia mkubwa soksi, angalau hizo zimo mbili.

Mambo yamebadilika hapa tangu Miwani aondoke. Meneja aliona ile kamba ikivutwavutwa mwanzoni, kazi ikisimama, akaona hasara. Akatundika ubao mkubwa mlangoni. Laini inayokaa muda mrefu bila kusimama inaandikwa juu, na itapewa zawadi. Ya kaka ndiyo inaongoza. Anapita akisugua mikono, anatuita "majembe yangu".

Wiki iliyopita mwanamke mmoja wa laini ya jirani, yule tunayemwita Mama Kicheko, alivuta. Taa iliwaka, mashine zikanyamaza, ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Wakakagua na hawakuona kitu. Jina la laini yao likashushwa chini kabisa, na mchana ule alikula peke yake kwenye benchi la mwisho. Mama Kicheko, wifi, yule anayechekesha hata mlinzi wa geti. Alikuwa anatafuna huku anatazama ukuta. Na mimi sikwenda kukaa naye. Niliogopa wataniona.

Nakuambia haya kwa sababu hizi pete tunazoletewa siku hizi sizielewi. Zamani zilikuwa kavu, zinateleza mkononi. Sasa zina uvuguvugu, zinanata vidoleni, na zina harufu kama tairi jipya. Zinaingia mahali pake vizuri na mashine inazipitisha. Hakuna kasoro ninayoweza kuionyesha kwa kidole. Ila mikono yangu inakataa.

Nikivuta, ubao wa kaka unarudi mwanzo, na nyumba yenu inaondoka nao. Niambie nifanye nini.

Wifi yako

Tarehe 2 Aprili

Wifi,

Tuko salama, Mama anakusalimu, soksi zimefika na moja imeshapotea. Huyu mtoto sijui tumfanyeje.

Nitakujibu bila kuzunguka. Una hakika? Kama mashine imepitisha na wewe huna cha kuonyesha, basi huna kitu, una wasiwasi. Wasiwasi wako naujua. Wewe ndiye uliyelala uani kwenye viti vitatu siku ya harusi yangu kwa sababu uliona ufa kwenye dari, na ile dari ipo mpaka leo.

Hao mabwana wana mashine na vyeti ukutani. Wewe una vidole. Ukivuta wasione kitu, kaka yako atakuwa msimamizi aliyeshindwa kumtuliza dada yake mwenyewe, na unga wake utakuwa umemwagika. Mimi nimemsubiri huyu mtu mpaka nimezoea kulalia upande mmoja wa kitanda. Usinifanyie hivyo. Nakuomba kama dada, usivute.

Wifi yako

Tarehe 24 Aprili

Wifi yangu,

Nimenyamaza, kama ulivyosema.

Tumeshinda ile zawadi. Meneja alisimama juu ya kreti akatupigia makofi, na kila mtu wa laini yetu amepewa jiko dogo la gesi, mtungi wake, na kichwa kilichofungwa hapahapa kwetu. Kaka amesema lake anamletea Mama aachane na makaa yanayomkaba kifua. Ameomba ruhusa ya siku chache, atakuwa amefika kwenu kabla ya barua hii au pamoja nayo. Mpokeeni vizuri. Mfundishe mdogo asijifiche.

Mimi langu nimeliweka chumbani. Linawaka vizuri, mwali wa buluu. Nililipima kwa sabuni siku ileile kwa mazoea tu, halikutoa hata povu moja. Basi pengine ni ile dari yangu tena. Nimejicheka, ila usingizi umekuwa wa kubahatisha.

Wifi yako

Tarehe 14 Mei

Wifi mpenzi,

Leo nakuandikia nikiwa na furaha, tena mapema, kabla sijafungua mashine. Kaka yako alikuja, akakaa, akaondoka. Siku ya pili mdogo alikuwa ameshapanda mgongoni kwake hataki kushuka. Siku ya kuondoka alimfichia viatu, tukapata kujua ule ugonjwa wa viatu unatoka wapi.

Na hilo jiko! Mama analipenda kuliko sisi. Tumeliweka mle jikoni ndani, pale penye kidirisha ambacho hakifunguki. Hakuna moshi, kifua hakimbani. Anapika mwenyewe asubuhi mpaka jioni, mimi nashinda kwenye cherehani kwa amani. Siku hizi analalamika kichwa kinamgonga na usingizi unamlemea akiwa jikoni, lakini hayo ni ya umri. Mimi nahisi huko jikoni kuna harufu, nadhani ni lile shimo la taka la majirani, nitagombana nao Jumamosi.

Nimeanza kukunja nguo za baridi tusizozihitaji, nazipanga kwenye sanduku la safari. Nikaribishe kwako na chai.

Wifi yako mwenye furaha

Tarehe 17 Mei

Wifi,

Sina salamu ndefu. Sijui hata hii itakukuta unafanya nini.

Jana nilitoka kazini nikafungua mlango wa chumba changu, harufu ya gesi ikanipiga usoni. Jiko lilikuwa limezimwa. Nilifungua kila kitu, nikachukua sabuni, nikapaka kwenye kile kichwa. Povu lilitoka, likaendelea kutoka, likawa linavimba na kupasuka mbele ya macho yangu. Nilikilegeza nikatoa pete. Imesinyaa, wifi. Ilipoingia ilijaa mahali pake, sasa inachezacheza. Ndiyo maana mashine haioni kitu. Siku ya kupimwa ni nzima, inasinyaa baadaye, ikiwa tayari jikoni kwa mtu.

LILE JIKO MSILIWASHE. Ufunge mtungi, uutoe nje, usiguse swichi wala kiberiti mle ndani. Mama hanusi! Uliniandikia mwenyewe kwamba hanusi.

Nimempelekea kaka ile pete mkononi. Aliitazama, akatazama mlangoni kama kuna mtu, akaniambia, "Moja tu? Kwa pete moja unataka nisimamishe laini, wiki hizi zilizobaki?" Nikamkumbusha jiko la Mama. Akasema jiko lile alilifunga kwa mkono wake na halina neno. Lakini hakunitazama machoni.

Nimepiga simu pale posta yenu, wakasema watatuma mtu akuite. Nilisubiri, simu ikakatika. Nikapiga tena, inaita tu. Kesho navuta ile kamba. Nimeapa.

Wifi yako

Tarehe 27 Mei

Wifi,

Barua yako ya furaha ndiyo imefika leo. Nimeisoma nimesimama, nikakaa chini, nikaisoma tena. Kichwa kinamgonga. Usingizi unamlemea. Harufu unadhani ni ya shimo la taka. Si shimo la taka! Barua yangu imekufikia? Niandikie neno moja. Andika "tupo" halafu uitume hivyohivyo.

Nimempa na dereva wa lori ujumbe, akipita mji wenu aulize nyumba ya mshonaji. Ameniitikia huku anatafuna, sijui kama alisikia.

Umeniona nilivyoapa. Sikuvuta. Kesho yake mkono ulipanda mpaka vidole vikagusa kamba, nikamwona kaka amesimama ng'ambo ananitazama. Alitikisa kichwa tu, taratibu, kama anayemwomba mtu. Mkono ukashuka wenyewe. Tangu siku ile naendelea kufunga pete, moja baada ya nyingine, na kila moja naiona inakwenda kwa Mama. Kijasho chembamba kinanitoka mpaka jirani yangu ameniuliza kama nina homa. Nimemwambia ndiyo.

Jibu, wifi.

Tarehe 6 Juni

Wifi,

Tupo.

Barua yako ya tarehe kumi na saba nilikabidhiwa juzi, postamasta alikuwa anauguza jino; ya ishirini na saba imefika leo. Huyo aliyetumwa kuniita siku ile sikumwona. Na dereva wako hakufika, au alifika akanikosa. Niliisoma nimesimama palepale dirishani posta, na nilipofika kwenye neno Mama nilianza kukimbia. Sijakimbia hivyo tangu nikiwa msichana. Kiatu kimoja kilinitoka nikakiacha, sasa mkubwa ana mwenzake.

Nilipofungua mlango wa nyuma ile harufu ilikuwa nzito, si ya taka, sijui kwa nini nilijidanganya. Mama alikuwa ameinama juu ya jiko na kiberiti mkononi, njiti ameshaitoa. Mdogo amekaa sakafuni karibu naye anasoma maandishi ya kwenye boksi kwa sauti. Nilimrukia Mama mkwe wangu kama mwizi, tukaanguka wote mlangoni, kiberiti kikarukia uani. Amechubuka kiwiko na hajaniongelesha tangu juzi. Anadhani nimerukwa na akili.

Baadaye, mtungi ukiwa nje, nilipaka sabuni kama ulivyosema. Povu lilitoka. Nilikaa nikalitazama mpaka sabuni ikakauka.

Ile barua yangu ya Aprili ichane. Nyumba ya kampuni siitaki. Mume nitamsubiri, nimezoea. Nimemwandikia na yeye leo, nimemweleza kiberiti kilikuwa wapi na mtoto wake alikuwa wapi, sikumpunguzia hata neno.

Vuta kamba, wifi. Akitikisa kichwa, mwangalie hivyohivyo uvute.

Wifi yako

Tarehe 15 Juni

Wifi yangu,

Mpe Mama pole ya kiwiko. Mwambie mwanawe anamwomba akusamehe, na kama hataki kukusamehe basi akasirike nawe miaka mingi, akiwa hai. Neno lako "tupo" nimelikata kwenye karatasi, nimelala nalo mkononi.

Lakini lilinikuta nimeshavuta. Siku zilipita bila jibu na mimi nikaacha kungoja. Asubuhi ya tarehe sita nilifika kazini nikiwa najua mmekufa. Sikuwa na ujasiri wowote, usije ukanisifu. Niliona tu kwamba hakuna tena nyumba ya kumvunjia mtu. Niliishika kamba kwa mikono miwili nikaning'inia nayo. Taa ikawaka, ukumbi ukanyamaza, wote wakageuka. Kaka alikuja mbio amekunja uso. Nilimwambia, "Kaka, siku ishirini tangu niwaandikie na hakuna aliyejibu." Uso ulimwanguka. Akainua mkono na yeye akaishika ileile kamba, wala hakukuwa na haja, laini ilikuwa imeshasimama.

Tuliomba maji ya sabuni na vichwa vya mwezi uliopita vilivyokuwa havijapakiwa. Mama Kicheko ndiye aliyeleta beseni, hatukujua alikuwa amelificha wapi. Povu lilianza kutoka kwenye kimoja, kingine, kingine. Mtu mmoja nyuma yangu alianza kulia, kumbe naye lile jiko la zawadi alimpa binti yake.

Miwani ameitwa akarudi. Aliuliza kamba ilivutwa mara ngapi tangu aondoke, alipoambiwa akavua miwani akakaa kwenye kreti. Anasema zile pete zilipokuwa zinalala stoo zilikuwa zinapoa na kusinyaa zikiwa bado rafuni, zikifika kwetu zimemaliza. Ule usingizi wa pete ulikuwa ni kazi, na hakuna aliyejua, yeye akiwemo. Aliushusha ule ubao kwa mikono yake. Na meneja aliyeutundika aliniita ofisini akaniuliza kwa ukali kwa nini sikuvuta mapema. Nilimwambia nilikuwa na homa.

Kaka hatathibitishwa. Amerudishwa kwenye meza ya kufunga, anakaa pembeni yangu, barua yako iko mfukoni mwake. Nyumba hakuna. Nisamehe.

Mimi nimerudishiwa beseni langu. Malori yametumwa kufuata maboksi yaliyotoka tangu Februari, na redio imetangaza. Yanayorudi nazamisha vichwa vyake vyote. Ila mengi hayarudi. Wenye maduka wanasema waliuza kwa watu wa kupita, hawajui majina wala mitaa. Kila lori likiingia nahesabu kwa macho naona ni machache. Huko nje kuna jikoni mtu amefunga dirisha kwa ajili ya upepo, anahisi kichwa kinamgonga, anamlaumu jirani kwa taka zake. Na huyo, wifi, hana wifi wa kumwandikia.

Mimi, wa kiwandani